Kombe wa kukaanga wa krispi nyumbani: maswali ninayoulizwa kila kiangazi

Mimi ni mtu wa Mombasa ila naishi Lowell, Massachusetts, na kila mwaka joto likianza nikipeleka sahani ya kombe kwenye shughuli ya watu, siku ya pili simu haipoi. Bas nimeamua kuyaandika majibu yote pahali pamoja. Ni marefu kidogo, ruka unachokijua.

Kombe gani hao? Manake kwetu kombe ni vitu vingi.

Haha, sio kombe la kunywa na marashi wala Kombe la Dunia. Nasema wale viumbe wa baharini wenye ganda mbili zinazofunguka kama kitabu, jamaa na chaza. Lakini wa huku New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani, ninaowakaanga ni aina yao, wanaitwa Mya arenaria kwa jina la kisayansi, na watu wa huku huwaita steamers. Ganda lao ni jepesi, jeupe au la kijivu, ukiliminya kwa vidole linavunjika, na wana shingo ndefu inayochungulia nje, haiingii yote ndani kwa hivyo ganda halifungi kabisa. Wanakaa chini ya matope pale maji yanapopwa. Ukipita juu yao wanakurushia maji, fyuu, mpaka gotini.

Wako na kombe wengine wa ganda gumu pia, lakini kwa kukaanga wazima wazima huyu wa ganda laini ndo mwenyewe. Ana tumbo nene laini, na huo ulaini wa ndani na ukavu wa nje ndo raha yote ya hiki chakula.

Hiki chakula kimeanzia wapi?

Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya mji wa Essex, kaskazini ya Boston. Lawrence Woodman, ambaye watu walimwita Chubby, na mkewe Bessie walikuwa na kibanda cha kuuza viazi vya krisps na kombe wabichi. Tarehe 3 Julai 1916 biashara imelala, rafiki mmoja akawatania kwanini msiwatie hao kombe kwenye hayo mafuta ya viazi, wakajaribu, kesho yake sikukuu ya Julai 4 wakawauzia watu. Mkahawa wao upo mpaka leo, Woodman's of Essex. Sasa, kwamba hao ndo wa kwanza duniani, mimi siwezi kuapa, kwa sababu kombe wa kukaanga wametajwa kwenye menyu ya hoteli ya Parker House ya Boston ya 1865. Lakini Essex na jirani yake Ipswich ndo waliofanya watu wafunge safari kwa ajili yao.

Alafu akaja Howard Johnson, yule aliyeanzia Quincy mwaka 1925 na mikahawa yake ya paa la rangi ya chungwa ikatapakaa Marekani nzima. Yeye akauza vipande virefu visivyo na tumbo, vilivyokatwa kutoka kwa kombe mkubwa wa bahari ya kina, vikitoka kwa kampuni ya ndugu wa Soffron huko Ipswich. Ndo mana Wamarekani wengi wa mbali wakisikia kombe wa kukaanga wanafikiria vile vipande kama raba. Ukiwa Essex ukaagiza vipande watakuuzia, lakini unaona kabisa yule wa dirishani amekuhurumia.

Kitu kimoja kinanifurahisha: barabara ya 133 inaanzia hapa hapa Lowell, inapita Andover, Georgetown, Rowley, ikaingia Ipswich na Essex kwenye vibanda vyote vya kombe, ikaishia Gloucester. Yaani ukitoka nyumbani kwangu usikate kona, unafika kwenye chakula.

Ninunue wenye ganda au waliotolewa tayari?

Kama ni mara yako ya kwanza nunua waliotolewa tayari, bila aibu. Muulize muuza samaki kama ni wa ganda laini na kama wako na tumbo. Wanakuja kwenye kikopo na maji yao. Wakinuka bahari chukua, wakinuka kama mfereji rudisha. Nusu kilo inatosha watu 3 wakila na chipsi, au mtu mmoja kama ni shemeji yangu.

Wenye ganda ni wa bei afadhali kidogo lakini uzito mwingi ni ganda na maji, na kazi yake utaiona chini. Wakiwa na ganda waguse shingo: mzima anairudisha ndani hata polepole. Asiyetingishika mtupe. Usitumie ile kanuni ya "ganda likiwa wazi amekufa" manake hawa wako wazi siku zote.

Mchanga naotoaje? Nilikula mara moja nikasikia karakacha mpaka kwenye ubongo.

Pole. Chukua lita moja ya maji baridi, tia gramu 35 za chumvi, ndo kama maji ya bahari, waloweke saa 2 hivi kwenye friji au pahali pa baridi, badilisha maji mara moja au mbili. Wao wenyewe watatema. Usiwaweke kwenye maji ya mfereji yasio na chumvi, unawaua, na maiti hatemi mchanga. Wapo wanaosema nyunyiza unga wa mahindi ndani ili waule, watapike mchanga, nimejaribu sijaona tofauti yoyote isipokuwa maji yamekuwa uji.

Nawatoaje kwenye ganda bila kuwaponda?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo pahali watu wanaharibu.

Chemsha sufuria kubwa ya maji. Weka pembeni bakuli la maji na barafu. Watie kombe kumi kumi kwenye yale maji yanayochemka, hesabu mpaka kumi na tano, watoe haraka haraka utie kwenye barafu. Hujawapika, umewalegeza tu. Sasa shika mmoja mkono wa kushoto, pitisha kisu kidogo kisicho kikali sana ukikigandamiza na ganda la juu kwa ndani, kata kile kinofu kinachoshikilia ganda pande mbili, fungua, pitisha na chini. Anatoka mzima na tumbo lake.

Sasa angalia ile shingo. Imevaa ngozi nyeusi iliyokunjamana kama soksi ya mtoto. Ishike kwa kidole gumba na cha shahada uivute kuelekea ncha, inavuka yote mara moja, nayo ndo inayobeba mchanga mwingi. Ncha ya shingo yenyewe ni ngumu, ikate kwa mkasi. Tumbo usilitoboe! Ukilitoboa linamwaga maji kwenye unga na baadae kwenye mafuta na hapo utajua hujui.

Yale maji yaliyotoka kwenye ganda usimwage, yachuje kwa kitambaa, ni supu tayari.

Lile tumbo la kijani ndani yake kuna nini, linaliwa?

Linaliwa. Ile rangi ya kijani au hudhurungi ni vijimea vidogo vya baharini alivyokula. Ukiona kinyaa nunua vile vipande vya raba, lakini usiniambie kombe hawana ladha.

Rojo au unga mkavu? Kipi ndo cha asili?

Kwa vibanda vya Essex na Ipswich asili ni unga mkavu: kombe anachovywa kwenye maziwa ya kopo yasio na sukari, alafu anagaragazwa kwenye mchanganyiko wa unga wa mahindi laini na unga wa ngano, anatikiswa kwenye chekeche, moja kwa moja mafutani. Ganda la unga linakuwa jembamba lenye chembechembe. Rojo ni njia ya pili, linampa ganda nene la kuvimba linalovunjika kama la viazi karai, na pia wapo wengi wanaolipenda.

Mimi nyumbani nafanya rojo na nitakwambia kwanini: jiko la nyumbani halina nguvu kama la mkahawa, mafuta yanapoa kila ukitia kitu, na rojo linamlinda yule kombe asikauke wakati mafuta yanajikusanya kupata moto tena. Tena kama umeshawahi kupika viazi karai mkono wako tayari unajua uzito wa rojo, hakuna cha kufundishwa.

Haya nipe vipimo.

Kwa nusu kilo ya kombe waliotolewa ganda:

Rojo: unga wa ngano gramu 100 (kama vijiko 12 vya chakula vya kufuta), unga wa mchele au kornflaua gramu 50, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga na pilipili ya unga kiasi chako, na soda wota mililita 180 iliyotoka kwenye friji saa hii hii.

Pembeni: sahani ya unga wa ngano mkavu wa kumpaka kwanza, kama kikombe kimoja.

Changanya vikavu. Soda wota tia mwisho kabisa, mafuta yakiwa tayari yamepata moto, koroga mara chache kwa uma uachie. Vidongedonge vidogo viache hapo hapo. Ukikoroga mpaka likawa laini kama la chapati za maji, ngano inavutika, rojo linakuwa gumu la kutafuna, na zile gesi zote zimeshaondoka. Uzito wake: chovya kijiko, geuza, liwe limekipaka mgongo na linachuruzika polepole. Likiwa zito ongeza soda wota kijiko kimoja kimoja.

Unga wa mchele ni kwa sababu hauna ule utomvu wa ngano, kwa hivyo ganda linakuwa jepesi na linakaa kavu muda mrefu zaidi. Ubaridi wa rojo unaizuia ngano isivutike. Gesi inaacha vitundu. Wengine huku hutia bia badala ya soda wota, kazi ni ile ile, soda wota inatosha na hakuna mtu wa kukuuliza kitu mezani.

Risipi ya huku imeandika "corn flour", nimetia kornflaua, imekuwa nyeupe kama gundi. Nimekosea wapi?

Hujakosea, umedanganywa na Kiingereza. Kornflaua ya dukani kwetu Kenya na Tanzania ni ule wanga mweupe wa kufanyia kastadi. Wamarekani ule wanauita kwa jina lingine, na wao wakisema corn flour wanamaanisha mahindi yenyewe yaliyosagwa laini sana. Kwa hivyo kwa ile njia ya unga mkavu tumia unga wa sembe uliochekechwa, ule laini wa ugali. Ukiwa huku usichukue ule wa Wamexico wa kufanyia tortilla, chapati zao za mahindi, ukadhani ni sawa, ule mahindi yake yamepikwa na chokaa kwanza na ladha yake ni nyingine, unakaanga ndio lakini kombe atanukia tortilla. Wanga tia kwenye rojo, unga wa mahindi tumia kwenye ile ya kavu.

Na kama huna maziwa ya kopo, mtindi uliolainishwa na maji kidogo, au mala, inafanya kazi vizuri tu, ule uchachu kidogo hata mimi naupenda zaidi.

Rojo langu linavuka lote! Nabaki na ganda tupu huku na kombe uchi kule.

Swali nambari moja hili, nalipata kuliko yote, na mimi yalinikuta mara ya kwanza mbele ya wageni. Nilikuwa nimewatoa kombe kwenye maji yao nikawatia kwenye rojo vivyo hivyo wakitiririka, nikawatia karaini, rojo likajitenga likaelea juu kama mawingu na kombe wakazama chini wakaanza kupasuka pa pa pa, king'ora cha moshi kikalia, mama mkwe wangu akafungua madirisha yote na ilikuwa Novemba.

Kosa lilikuwa maji. Krispi haitoki kwenye rojo, hii ndo kitu nataka watu wanielewe, inatoka kwenye kombe aliyekauka na mafuta yaliyo moto. Rojo lako linaweza kuwa la kawaida kabisa na bado likatoka krispi, lakini rojo la ajabu juu ya kombe aliyelowa litavuka tu. Kwa hivyo: wachuje dakika 10 kwenye chekeche. Watandaze kwenye tishu za jikoni, wafunike na tishu nyingine, wagandamize kwa kiganja taratibu kama unamfuta mtoto uso. Ubadilishe tishu. Alafu wagaragaze kwenye ule unga mkavu, watikise unga wa ziada uanguke, na hapo hapo kwenye rojo, hapo hapo mafutani. Ule unga mkavu ndo unaoshika rojo. Lakini usiwapake unga ukawaacha wamekaa nusu saa, wanatoa maji tena, unga unakuwa gundi.

Mafuta gani, na nitajuaje yamepata moto?

Mafuta yoyote yasio na harufu na yanayostahimili moto: alizeti, karanga, kanola, ya mahindi. Mafuta ya zeituni ya bei weka kwa saladi. Mafuta ya nazi yale ya kukamua nyumbani yanaungua mapema, usiyatumie hapa.

Joto ni nyuzi 180 mpaka 190 Selsiasi, ambayo ni 355 mpaka 375 kwa Fahrenheit. Nunua kipima joto cha mafuta, ni cha bei ya sahani mbili za chipsi. Kama huna, dondosha tone la rojo: likizama likakaa chini bado, likizama likapanda juu haraka na povu pande zote ni sawa, likigeuka rangi kabla hujapepesa macho yamezidi, punguza moto.

Kwanini joto ni muhimu hivi: rojo likiingia kwenye mafuta ya moto maji yake yanageuka mvuke saa ile ile, na ule mvuke unavyosukumana kutoka nje unazuia mafuta yasiingie ndani. Mafuta yakiwa ya vuguvugu hakuna mvuke wa kutosha, rojo linakaa linayanywa, ukimuuma unasikia mafuta yanakushuka kidevuni. Watu wanaogopa moto wakidhani ndo watapata mafuta kidogo, ni kinyume.

Wakae dakika ngapi?

Ushauri wa afya wa Marekani kwa chaza waliotolewa ganda ni dakika 3 kwenye mafuta ya nyuzi 190, na mimi kombe wenye tumbo kubwa nawafanyia hivyo hivyo. Mikahawani wanatoa mapema zaidi, utajua mwenyewe. Wadogo wanaiva upesi, lakini zidisha sana utapata raba.

Tia sita mpaka nane tu kwa mara moja kwenye karai ya kawaida, mmoja mmoja, ukimshika kwa shingo umshushe karibu na mafuta umwachie aelekee upande wa mbali na wewe. Usiwatupe. Wakishapata ganda watenganishe kwa uma. Sikiliza: mwanzo sauti ni kubwa ya mvua ya masika juu ya mabati, ikianza kupungua ikawa manyunyu ndo maji yameisha na wako tayari. Rangi ya dhahabu iliyokolea. Watoe kwa chekeche la mkono, waweke juu ya wavu wa chuma, SIO juu ya tishu, tishu inashika mvuke chini na upande wa chini unalainika. Chumvi nyunyiza sekunde ile ile. Subiri mafuta yapande tena joto kabla ya mkupuo wa pili, hapa ndo watu wana haraka.

Ukitaka wote wawe moto pamoja washa oveni nyuzi 95 uwaweke humo na wavu wao. Usiwafunike na sahani.

Mafuta yanaruka, naogopa.

Uoga mzuri huo, uendelee nao. Kombe ana maji tumboni, akipasuka anarusha. Tumia sufuria ya kina au karai kubwa, mafuta yasipite nusu, kijiko cha mpini mrefu, mikono ya nguo iliyobana, watoto wakae sebuleni. Ukiwa na lile chungio bapa la kufunikia kikaango ni zuri. Na mafuta yakishika moto usimwagie maji hata kidogo, zima jiko, funika na mfuniko, ondoka hapo, usiyabebe kuyatoa nje.

Naweza kutumia ea fraya?

Rojo, hapana. Linadondoka chini kabla halijashika na unabaki unakwangua. Ile ya unga mkavu ukiipulizia mafuta inatoka kitu fulani, kinalika. Mimi nikitaka kombe wa krispi nakula mara tatu kwa mwaka lakini nakula wa mafuta.

Wa kwenye friza je? Na wa kopo?

Wa friza sawa, wayeyushe kwenye friji usiku kucha, watatoa maji mengi zaidi kwa hivyo kazi ya tishu iongezwe mara mbili. Wa kopo wameshapikwa, ukiwapika tena unatafuna mpaka Ijumaa. Wale tia kwenye supu.

Niko Mombasa / Unguja / Dar, hao wa ganda laini siwapati. Nifanyeje?

Kombe wa kwetu, wale akina mama wanaookota bamvua maji yakishatoka, ni watamu lakini nyama yao ni ngumu zaidi na wanahitaji kuchemshwa kidogo kwanza, kisha kukaushwa vizuri na kukaangwa haraka haraka tu kwa ajili ya ganda. Mchanga wao pia una ukaidi, osha mara tatu. Lakini nikiwa nyumbani mimi ukweli natumia ngisi. Mkate mapete, mkaushe, rojo lile lile, dakika moja na nusu hadi mbili. Kamba pia. Rojo hili ni la kila kitu, hata kiazi.

Ni halali?

Kwa sisi wa Pwani wengi wetu tunafuata Shafii na kwao viumbe wa baharini wanaliwa. Wenzetu wa Hanafi wao baharini wanakula samaki tu, kwa hivyo ukiwa na wageni wa Kihindi au Kipakistani waulize kabla, usimtie mtu kwenye aibu na sahani mkononi. Ila jambo kubwa zaidi ni mafuta: vibanda vingine vya huku kwa desturi hukaanga kwa mafuta ya nguruwe, na vingine kwa mafuta ya ng'ombe. Uliza dirishani, wanajibu vizuri tu, wameshazoea. Hii ni sababu nyingine ya kupika nyumbani.

Naweza kuumwa?

Hapa sitanii. Kuna vitu vitatu.

Kwanza mzio. Mtu anaedhurika na chaza au ngisi asionje hata kidogo, na usikaange chipsi zake kwenye mafuta yale yale.

Pili vijidudu vya maji ya joto vinavyoitwa Vibrio, vingi zaidi kiangazi. Moto unaviua, ndo mana nasisitiza dakika 3. Mwenye ugonjwa wa ini, mjamzito, mwenye kinga ndogo, asile mbichi wala nusu mbichi.

Tatu ndo watu hawaijui: kuna wakati vijimea fulani vinajaa baharini, huku wanaita red tide, kombe anavila na sumu inakaa mwilini mwake. Sumu hiyo haitoki kwa kupika, haitoki kwa kugandisha, haina harufu wala ladha. Midomo inaanza kuwasha na kufa ganzi, alafu vidole, na ikizidi mtu anashindwa kupumua. Ukisikia hivyo baada ya kula ni hospitali moja kwa moja. Kinga yake ni kununua kwa muuzaji anaejulikana. Huku kila gunia la kombe wenye ganda lina lebo ya wapi na lini wamevuliwa, na muuzaji anatakiwa aziweke lebo hizo siku 90. Omba kuiona, ni haki yako.

Sasa mimi nataka kuchimba mwenyewe, kwani si wako bure matopeni?

Sio bure. Massachusetts kibali kinatolewa na mji wenyewe, na mingi inawapendelea wakaazi wake, kwa hivyo wewe wa Lowell nenda ofisi ya mji wa huko uulize kabla hujanunua jembe. Kombe wa ganda laini chini ya inchi 2 hachukuliwi, anarudishwa. Na siku hiyo hiyo angalia kama eneo limefungwa kwa ajili ya ile sumu au mvua kubwa. Nilienda mara moja na jirani yangu mwenye kibali, nikainama masaa mawili na uma wa meno manne, nikarudi na ndoo nusu na mgongo wa bibi wa miaka tisini. Toka siku hiyo sijawahi kulalamika bei.

Wanaliwa na nini?

Huku ni chipsi, vitunguu maji vya kukaanga, kabichi ya mayonezi na sosi ya tartar, ambayo ni mayonezi na matango ya siki yaliyokatwa dogodogo na ndimu. Sawa. Lakini weka pembeni bakuli la ukwaju wenye pilipili, ule ule wa viazi karai, na kachumbari ya embe bichi, uone bakuli gani litaisha kwanza. Nilipeleka kazini, wale Wamarekani wakaanza kuchovya chipsi, mwisho wakaulizana nani atapangusa bakuli.

Waliobaki nawapashaje? Na mafuta je?

Wasibaki. Wakibaki, oveni ya nyuzi 200 dakika 5 juu ya wavu, maikrowevu inawafanya sponji. Mafuta yaache yapoe kabisa, yachuje kwa kitambaa, yaweke kwenye chupa uandike KOMBE kwa herufi kubwa, manake mimi sikuandika, na mume wangu akayapikia mandazi ya asubuhi.